Umm Ayman (R.A.): Mlezi Kutoka Habasha Aliyemlea Mtume

 

Kabla hatujaingia kwenye kisa chenyewe, hebu fikiria siku ya kliniki ya watoto. Iwe ni Msambweni, Diani ama Kwale mjini, foleni ni ile ile. Wale waliokaa kwenye benchi na watoto mapajani si wote ni mama wazazi. Wako nyanya ambao binti zao wamevuka feri kwenda kazini Mombasa, wako mashangazi, wako dada wakubwa, na wako mayaya, wasichana wadogo tu waliotoka Kinango ama Lunga Lunga kuja kufanya kazi kwenye nyumba za Ukunda na Diani. Sista akiuliza mtoto ameharisha mara ngapi tangu jana, homa ilianza saa ngapi, uji amekunywa ama ameukataa, anayejua jibu ni yule aliyekesha naye. Mara nyingine mama mzazi yupo pale pale na inabidi amgeukie yaya amuulize.

Halafu jioni inafika, mkeka umetandikwa, mbaazi na mahamri yako tayari, tende ziko kwenye sahani, watu wanangoja adhana. Yule yaya utamkuta wapi? Tusifichane. Nyumba nyingi utamkuta jikoni, anafuturu peke yake akishamaliza kuwapakulia wengine.

Basi leo ndugu yangu nataka tukae kidogo na habari za yaya mmoja aliyeishi Makka zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Hakuwa Mwarabu, hakuwa na ukoo wa kujivunia pale mjini, na mwanzo wa maisha yake hakuwa hata mtu huru. Jina lake Baraka binti Thaalaba. Waislamu wote wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Umm Ayman.

Baraka alikuwa Mhabeshi. Habasha ni hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, sehemu ambazo leo ni Ethiopia na Eritrea. Alikuwa kijakazi wa Abdallah bin Abdulmuttalib, baba yake Mtume (S.A.W). Wewe uliyewahi kuteremka kwenye mapango ya Shimoni ukasimuliwa habari za watu waliofungwa mle, unajua neno hilo lina uzito gani katika pwani hii, kwa hiyo tusilipake sukari. Mtu alikuwa mali. Abdallah alipofariki huko Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, mkewe Bi Amina alikuwa bado mja mzito. Urithi alioacha ulihesabiwa hivi: ngamia watano, kundi la kondoo, na Baraka.

Ndiyo hali aliyozaliwa nayo Mtume (S.A.W) Mwaka wa Tembo, takriban mwaka 570. Baba hayupo, mama ni mjane kijana, na ndani ya nyumba yuko mwanamke mmoja wa Kihabeshi wa kumshika mtoto.

Sasa usije ukachanganya mambo. Wako wanaodhani kuwa Umm Ayman ndiye aliyemnyonyesha. Waliojulikana kwa kumnyonyesha ni Thuwayba, kwa muda mfupi, kisha Bi Halima wa Bani Saad aliyekwenda naye bara. Hiyo ilikuwa desturi ya watu wa Makka, watoto wachanga wapelekwe majangwani wakapate hewa safi na lugha fasaha. Na afya ilikuwamo ndani yake pia. Makka ulikuwa mji wa mahujaji na misafara, na maradhi yakiingia yanapita nyumba kwa nyumba. Mtoto alipotimiza miaka miwili na kuachishwa ziwa, Bi Halima alimleta kwa mama yake, lakini akamsihi amwachie arudi naye, kwa kuhofia maradhi yaliyokuwa pale mjini. Bi Amina akakubali. Fikiria moyo wa mama huyo! Mtoto wake wa pekee, mume hana, na bado anamtoa tena kwa sababu ya afya ya mtoto.

Kazi ya Baraka ilikuwa nyingine, na ndefu zaidi. Katika Sahihi Muslim imo habari kutoka kwa Imam Zuhri kuwa Bi Amina alipojifungua, baba wa mtoto akiwa ameshafariki, Umm Ayman ndiye aliyekuwa akimlea mpaka akawa mkubwa. Neno la Kiarabu lililotumika hapo linatokana na kifua na pambaja, yaani ni kumlea mtoto kwa kumweka kwenye ubavu wako. Sisi kwa Kiswahili tunalo neno mlezi na tunalo neno muuguzi, na tumezoea kuyatenganisha, mmoja yuko nyumbani na mwingine amevaa sare hospitali. Kwa mama huyu yalikuwa kitu kimoja.

Mtoto alirudi Makka kutoka kwa Bi Halima akiwa na umri wa miaka minne au mitano hivi. Alipotimiza sita, Bi Amina akafunga safari kwenda Yathrib kuwazuru Bani Najjar, jamaa za mtoto kwa upande wa babu yake, na huko ndiko lilikokuwa kaburi la mumewe. Walikwenda watatu, Amina, mtoto na Baraka, kwa ngamia wawili. Kutoka Makka hadi huko ni kama kilomita 450, karibu sawa na Mombasa hadi Nairobi, ila wao hawakuwa na basi la usiku.

Walikaa mwezi mmoja. Mtoto alicheza na watoto wa kule, akajifunza kuogelea kwenye kisima cha jamaa zake. Miaka mingi baadaye, alipohamia Madina akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, aliitazama ile nyumba akaitambua, akakumbuka msichana waliyekuwa wakicheza naye na ndege waliokuwa wakimrusha. Wewe kijana wa Diani uliyejifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, unajua kumbukumbu za namna hiyo hazifutiki.

Njiani wakirudi, Bi Amina akaugua. Walikuwa mahali paitwapo Abwaa, katikati ya njia, si Yathrib si Makka. Hapakuwa na jamaa wala mtu wa kukimbilia. Bi Amina akafariki, akazikwa hapo hapo.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kwenye mihadhara yetu mahali hapa huwa tunapapita mbio. Tunasema Mtume alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita, kisha tunasonga mbele. Lakini mtoto hakutoka Abwaa kwa miguu yake mwenyewe. Kulikuwa na mwanamke mmoja, kijakazi, ambaye bibi yake ndio kwanza amefariki, yuko jangwani na ngamia wawili na mtoto anayelia. Usiku ulikuja. Mtoto alihitaji kula, kunywa, kufunikwa, kulazwa. Kesho yake alihitaji kupandishwa juu ya ngamia na kuambiwa kuwa mama haji. Aliyefanya yote hayo ni Baraka. Alimfikisha Makka mzima, akamkabidhi kwa babu yake Abdulmuttalib, na hapo kazi yake haikwisha, aliendelea kumlea katika nyumba ile.

Waulize wauguzi wa wadi ya watoto watakueleza jinsi mtoto wa umri huo anavyofiwa. Halii kama mtu mzima. Leo anacheza kama hakuna kilichotokea, kesho anakataa chakula. Mwingine alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, anaanza upya. Mwingine anamganda mtu mmoja, hata ukienda msalani anakufuata. Na dawa ya kwanza wanayoijua wao ni kuwa asibadilishiwe kila kitu kwa pamoja: abaki na uso anaoujua, sauti anayoijua, mkono uliomwogesha jana umwogeshe na leo. Mtoto yule alikuwa ameshaondoka kwa Bi Halima, baba hakumwona, na mama amemwacha njiani. Uso ambao haukubadilika ni wa Baraka.

Wewe unayesoma haya huenda unaishi na mtoto wa namna hiyo nyumbani kwenu. Katika vijiji vyetu vya Kwale nyanya wangapi wanalea wajukuu waliofiwa? Tunasema mtoto ni mdogo, haelewi, atasahau.

Babu alimpenda sana, alikuwa hali chakula mpaka mjukuu aletwe. Na alikuwa akimkumbusha Baraka asighafilike naye, hasa baada ya siku moja kumkuta mtoto yuko na wavulana wenzake mbali kidogo, karibu na mkunazi. Kila yaya anayajua maneno hayo! Lakini mzee naye umri ulikuwa umekwenda. Alifariki mtoto akiwa na miaka minane. Na habari ya siku ile tumeipata kwa Umm Ayman mwenyewe. Yeye ndiye aliyesimulia kuwa alimwona mtoto akilia nyuma ya jeneza la babu yake. Watu wengine siku ile walikuwa wakimtazama maiti, kwani alikuwa mkubwa wa Makureshi. Yeye alikuwa akimtazama mtoto.

Kisha wakahamia kwa ami yake, Abu Talib, mtu mwema lakini mwenye watoto wengi na mali kidogo. Hapo mke wa Abu Talib, Bi Fatima binti Asad, naye alimfanyia wema mkubwa, na siku zote Mtume aliutambua. Wanahistoria wametaja hata jinsi watoto wa nyumba ile walivyokuwa wakiamka asubuhi, nywele timutimu na macho yana matongo, na yeye akiamka nadhifu. Na Umm Ayman amesimulia kuwa hakuwahi kumsikia akilalamika njaa wala kiu, si udogoni si ukubwani. Asubuhi alikuwa akienda kunywa maji ya Zamzam, na akiitwa kula chakula husema kuwa ameshiba.

Zingatia nani aliyeyaona haya. Mtoto asiyelalamika ndiye rahisi kusahauliwa kwenye nyumba yenye watoto wengi. Anayelia anapewa, anayenyamaza anapita. Kwenye wadi pia ni hivyo hivyo, muuguzi aliyefunzwa vizuri akisikia mtoto anapiga kelele hashtuki sana, bali yule aliyenyamaza kwenye kona ndiye anayemwendea mbio. Mama huyu alikuwa akihesabu mtoto amekula nini na amekunywa nini, mpaka akayakumbuka alipokuwa mtu mzima.

Na miaka ikapita, mtoto akawa mvulana wa kuchunga mbuzi, akabaleghe, akawa kijana wa biashara na misafara. Kwetu sisi huu ndio umri ambao mtoto anaachiwa. Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, tukishapata zile sindano na matone ya vitamini A tunaiweka kabatini, na kijana hamwoni muuguzi tena mpaka awe hoi. Ndipo kichocho kinapompata. Sisi watu wa Kwale tunakijua vizuri, kinapatikana kwenye mito na mabwawa wanakooga na kucheza, na kinawashika zaidi watoto wa umri wa shule. Kijana anaona damu kwenye mkojo na anafanya mzaha na wenzake, kumbe ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge na ukiachwa miaka unaharibu kibofu. Na binti naye, chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa uzazi ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka kumi, umri ambao wazazi wengi hawafikirii kabisa habari za sindano. Atamwambia nani mambo yake? Atamwambia yule aliyekuwa naye siku zote, kama yupo.

Baraka alikuwepo. Alikaa mpaka yule mtoto wa Abwaa alipokuwa mwanamume wa miaka ishirini na mitano na kumwoa Bi Khadija (R.A.). Hapo ndipo alipomwacha huru.

Naye akaolewa, na mtu aitwaye Ubayd bin Zayd, akamzalia Ayman. Mumewe akafariki. Baadaye, Uislamu ulipokuja naye akiwa miongoni mwa walioukubali mapema, Mtume aliwatajia masahaba kuwa anayetaka kuoa mwanamke wa peponi na amuoe Umm Ayman. Aliyeitika ni Zayd bin Haritha, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Umri wa mama huyu ulikuwa umeshasogea, Zayd alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Mola (S.W.T) akawaruzuku Usama.

Na hapa, msomaji, kisa kinageuka. Yule aliyelelewa sasa ndiye analea. Usama alikulia mikononi mwa Mtume kama mjukuu. Imepokewa kuwa alikuwa akimpakata paja moja na Hasan mjukuu wake paja la pili, akiwaombea wote wawili. Siku moja Usama akiwa mtoto mdogo alijikwaa kizingitini akapasuka usoni. Mtume akamwambia Bi Aisha amsafishe, naye akasita, maana alikuwa bado msichana na hakuzoea damu. Basi Mtume mwenyewe akamshika yule mtoto, akaifyonza ile damu kwenye jeraha na kuitema. Siku nyingine alitaka kumpangusa makamasi kwa mkono wake. Yeye alikuwa Mtume na kiongozi wa mji, na huyu ni mtoto mweusi wa Mhabeshi, ambaye watu wa midomo walikuwa wakimsema kwa rangi yake kwa kuwa baba yake alikuwa mweupe. Huo uguzi aliujulia wapi? Mimi naona haina haja ya kwenda mbali, aliuona kwa mama wa mtoto huyo huyo.

Imesimuliwa pia kuwa Umm Ayman alipokuwa akihama kwenda Madina alikuwa amefunga na hana maji. Jua likazama yuko njiani, kiu imemshika, hana cha kufuturia. Wanahistoria wanasema akaona ndoo ya maji inateremka kutoka mbinguni kwa kamba nyeupe, akanywa akakata kiu. Tangu siku hiyo, alikuwa akifunga siku za joto kali na haoni kiu. Kwa sisi tunaofunga Ramadhan huku jua la Kaskazi likiwa utosini, kisa hiki ni kitamu kukisikia saa tisa za mchana!

Kule Madina alikuwa mtu wa kuchekesha na wa kuogopwa kidogo. Kiarabu hakikumkaa sawasawa mdomoni mpaka uzee wake. Ile salamu aliitamka mpaka maana ikageuka, na Mtume hakumcheka wala kumsahihisha mbele za watu, alimruhusu aseme salaam tu, imetosha. Wewe unayemcheka mwenzako kwa lafudhi ya Kidigo ama ya bara madrasani, jambo hili limekaa vipi kwako? Siku nyingine alimwendea Mtume akiomba ngamia wa kupanda. Akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Akalalamika, mtoto wa ngamia atamweza vipi, na yeye hamtaki! Kumbe alikuwa anataniwa, kwani kila ngamia, hata awe mkubwa namna gani, ni mtoto wa ngamia.

Na iko ile aliyoisimulia Anas, iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume alikwenda kumzuru Umm Ayman, akamletea kinywaji. Mtume hakukinywa, Anas anasema hajui kama alikuwa amefunga ama hakukitaka tu. Basi yule mama akaanza kupaza sauti na kumgombeza. Hebu fikiria! Masahaba wakubwa walikuwa wakikaa mbele yake vichwa chini kama wenye ndege vichwani, na huyu bibi anamfokea kwa sababu hakumaliza kikombe. Alikuwa bado anahesabu amekula nini na amekunywa nini.

Hata haki yake alikuwa haachii. Watu wa Madina walikuwa wamempa Mtume mitende, naye akampa Umm Ayman ile ya jamaa zake Anas. Waislamu walipopata nafasi, mitende ikawa inarudishwa kwa wenyewe. Anas akatumwa kuidai. Umm Ayman akaja, akamzungushia nguo shingoni kijana wa watu, akaapa kuwa hapewi mtu. Mtume akawa anambembeleza kwa kumpa nyingine badala yake, anaongeza na kuongeza, mpaka ikafika mara kumi ama karibu na hapo, ndipo akaridhika. Hakumwambia kuwa yeye ni mtumwa aliyeachwa huru na ashukuru alichopewa. Alikuwa akimwita mama, akisema kuwa ni mama yake baada ya mama yake.

Kwenye vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), mama huyu, ambaye wakati huo ni mtu mzima sana, alikuwa akiwapa watu maji na kuwauguza majeruhi. Wengi wetu tukitajiwa muuguzi wa Kiislamu tunamtaja Rufaida na hema lake, na ni haki yake. Lakini Umm Ayman naye alikuwepo, na akaenda Khaybar pia. Nawaambia haya hasa nyinyi mlioko sekondari. Msambweni kuna chuo cha KMTC, watoto wetu wanaweza kusomea kazi hizi karibu na nyumbani, na bado utamsikia mzazi akisema binti yake hawezi kwenda kuosha vidonda vya watu, na kijana wa kiume akisema uuguzi ni kazi ya wanawake. Sijui watu hawa wanaisoma sira ya nani.

Mola alimpa mitihani ya mwisho mfululizo. Mwaka wa 8 wa Hijra (629) mumewe Zayd alikufa shahidi kwenye vita vya Muta akiwa ameshika bendera. Mwaka huo huo wa Hijra, kule Hunayn (630), watu walipotawanyika, Ayman mtoto wake alikuwa miongoni mwa wachache waliosimama imara, akauawa. Akabaki na Usama. Na Usama, kabla hajatimiza miaka ishirini ama akiwa ndio anaifikia, akapewa na Mtume uongozi wa jeshi ambalo ndani yake mlikuwa na wazee wa umma huu. Watu wakanong'ona kuwa ni mtoto. Mtume akawakemea. Alikuwa amemwona tangu siku ya kizingitini, alijua amelelewa vipi.

Jeshi halijafika mbali, Mtume (S.A.W) akafariki, mwaka wa 11 wa Hijra (632).

Baada ya hapo Sayyidna Abubakar alimwambia Sayyidna Umar (R.A.) waende wakamzuru Umm Ayman kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Huyu ndiye khalifa, ana kazi ya dola nzima mkononi, na amekwenda kubisha hodi kwa bibi kizee wa Kihabeshi. Walipofika akalia. Wakamliwaza kuwa yaliyoko kwa Mola ni bora zaidi kwa Mtume wake. Akawajibu kuwa hilo analijua, hakulia kwa kutolijua, analia kwa sababu wahyi kutoka mbinguni umekatika. Wote wawili wakashindwa kujizuia, wakakaa wakalia pamoja naye.

Fikiria jinsi alivyoona. Wengine walikuwa wamempoteza Mtume waliyemjua kwa miaka kumi, ama ishirini na tatu. Yeye alikuwa amemzika mtoto aliyemshika siku ya kuzaliwa. Na kilio chake alikitoa juu ya wahyi, si juu ya nafsi yake.

Wanachuoni wamehitilafiana mwaka aliofariki. Riwaya ya Zuhri inasema ni miezi mitano baada ya Mtume. Wengine wanasema aliishi mpaka akaomboleza kifo cha Sayyidna Umar, akafariki mwanzoni mwa ukhalifa wa Sayyidna Uthman.

Miaka baadaye Abdallah bin Umar alikuwa amekaa msikitini, akaingia mtu akaswali haraka haraka, rukuu haikutimia wala sijda. Ibn Umar akamwambia arudie swala yake. Alipokwenda zake akauliza yule ni nani. Akaambiwa ni Hajjaj mtoto wa Ayman, mtoto wa Umm Ayman. Ibn Umar akasema kuwa lau Mtume angemwona angempenda, akawa anaeleza jinsi Mtume alivyowapenda watoto wa mama yule. Imam Bukhari ameiweka habari hii katika Sahihi yake. Na mmoja wa wapokezi akaongeza maneno machache ili msikilizaji ajue Umm Ayman huyo ni yupi. Hakusema aliyekuwa mtumwa wa fulani, wala Mhabeshi, wala mke wa Zayd. Alisema kuwa ndiye aliyekuwa mlezi wa Mtume.